Kompyuta Kuukuu na Prosesa Mpya: Fedha Kidogo Itumikeje?

Utangulizi

Katika maabara za shule nyingi za sekondari mna kompyuta za mezani ambazo zilikwisha kutumika ofisini miaka kadhaa kabla ya kufika shuleni. Kompyuta hizo bado ni nzima. Kioo huwaka, kibodi huandika, na programu hufunguka. Lakini walimu na wanafunzi hulalamika kwa sauti moja kwamba ni nzito mno. Kipindi cha dakika 40 huanza, na dakika za mwanzo hupotea bure wakati darasa zima likikitazama kioo na kungoja.

Aghalabu shauri la kwanza linalotolewa ni hili: prosesa ni ya zamani, basi na ibadilishwe. Prosesa zilizokwisha kutumika huuzwa kwa bei ndogo, kwa sababu ofisi na makampuni huziacha pamoja na mashine zake. Shauri hilo laweza kuwa jema sana. Laweza pia kuwa hasara tupu. Shule iliyo na kompyuta 20 na fedha ya kununua kifaa kimoja tu kwa kila kompyuta haiwezi kukosea mara mbili. Ikikosea mara moja, fedha imekwisha, na kompyuta zimebaki vilevile.

Makala haya yanakusudia kueleza kazi ya prosesa, namna ya kupima kama ndiyo inayochelewesha kompyuta, masharti ya kuibadili, na jinsi ya kuifanya kazi hiyo bila kuharibu kitu. Hesabu zitakazotumika hazizidi zile za sekondari. Ili maelezo yasielee hewani, tutachukua mfano wa kompyuta moja inayojulikana: Dell OptiPlex 790, iliyotolewa mwaka 2011, yenye prosesa ya Intel Core i3-2100.

Prosesa Hufanya Nini?

Prosesa ni kipande chembamba cha silikoni kilichochongwa swichi ndogo mno ziitwazo transista. Prosesa ya kwanza iliyouzwa ikiwa imekamilika ndani ya kipande kimoja, Intel 4004 ya mwaka 1971, ilikuwa na transista zipatazo 2,300. Core i3-2100 ina transista mamia ya mamilioni. Ukubwa wa idadi hiyo usitutishe, maana kazi yenyewe haikubadilika. Prosesa husoma agizo moja kutoka katika kumbukumbu, hulitimiza, kisha husoma agizo linalofuata. Maagizo hayo ni mepesi: jumlisha namba mbili, linganisha, hamisha, ruka.

Kazi hiyo huongozwa na saa ya umeme inayopiga kwa mpangilio. Core i3-2100 hupiga mapigo 3,100,000,000 kwa sekunde, yaani gigahezi 3.1. Muda wa pigo moja ni takriban nanosekunde 0.32. Katika muda huo nuru, ambayo hakuna kiendacho kasi kuishinda, husafiri sentimita 9.7 tu, yaani kama upana wa kiganja cha mkono. Hapo mwanafunzi wa fizikia ataona mara moja kwa nini prosesa haiwezi kungojea habari zitoke mbali. Ndiyo maana wahandisi huweka kumbukumbu ndogo ndani ya prosesa yenyewe, iitwayo kache. Core i3-2100 ina kache ya megabaiti 3.

Prosesa za siku hizi zina viini zaidi ya kimoja. Kila kiini ni mfanyakazi kamili anayeweza kutimiza maagizo peke yake. Core i3-2100 ina viini viwili. Tena ina ufundi uitwao Hyper-Threading, ambao humwezesha kila mfanyakazi kushika foleni mbili za kazi: foleni moja inapongoja habari, mfanyakazi huigeukia ya pili. Kwa hiyo mfumo wa kompyuta huona foleni nne, ingawa wafanyakazi ni wawili.

Hapa yafaa kuonya juu ya kosa moja la kawaida. Idadi ya mapigo kwa sekunde haitoshi kulinganisha prosesa za vizazi tofauti, kwa sababu kazi inayokamilika katika kila pigo hutofautiana. Mwaka 2004 ilitoka Pentium 4 yenye gigahezi 3.8. Miaka miwili baadaye ilitoka Core 2 Duo yenye gigahezi 2.4, nayo iliishinda kwa kazi nyingi, kwa sababu ilikamilisha maagizo mengi zaidi katika kila pigo na ilikuwa na viini viwili. Mkulima mwenye jembe pana halazimiki kupiga upesi kama mwenye jembe jembamba.

Tupime Kabla ya Kununua

Prosesa haifanyi kazi peke yake. Programu na faili hukaa katika diski. Zinapohitajika huletwa katika kumbukumbu kuu, yaani RAM. Na kutoka humo ndipo prosesa huzichukua. Mfano wake ni mashine ya kusaga mahindi. Hata mashine ikiwa na nguvu kiasi gani, kama magunia huletwa mojamoja kwa punda kutoka mbali, mashine itazunguka bure ikingoja. Kununua mashine ya kasi mara mbili hakutamwongezea punda mwendo.

Sasa tumpime punda huyo. Diski ngumu ya kawaida huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde. Mzunguko mmoja huchukua milisekunde 8.3. Kwa wastani habari inayotafutwa huwa nusu mzunguko mbali, hivyo kungoja ni milisekunde 4.2. Juu ya hayo kichwa cha kusomea hapana budi kihamie kwenye mstari unaotakiwa, kazi inayochukua karibu milisekunde 9. Jumla ni milisekunde 13 hivi. Muda huo ni mfupi kwa binadamu, lakini kwa prosesa yenye mapigo 3,100,000,000 kwa sekunde ni mapigo milioni 40. Na wakati wa kuwasha kompyuta, diski hutafuta habari namna hiyo maelfu ya mara.

Diski ya SSD haina sahani inayozunguka wala kichwa kinachosogea. Huhifadhi habari kwa umeme ndani ya silikoni. Kuipata habari humo huchukua karibu milisekunde 0.1, sawa na mapigo 310,000. Bado prosesa hungoja, lakini hungoja mara mia na thelathini pungufu.

Kikwazo cha pili ni uchache wa RAM. RAM ikijaa, mfumo wa kompyuta hulazimika kuhamisha sehemu ya habari kwenye diski na kuirudisha inapohitajika. Hapo kompyuta yenye diski ngumu husimama kabisa, na taa ya diski humeta bila kukoma. Wengi huilaumu prosesa ilhali kosa si lake.

Njia ya kujua ukweli ni kupima. Katika Windows, programu ya Task Manager huonyesha kwa asilimia jinsi prosesa, kumbukumbu na diski zinavyotumika. Katika Linux ziko programu za namna hiyo pia. Fungua programu zile zinazotumika darasani, fanya kazi ya kawaida, na utazame ni kipi kinachokaa karibu na asilimia 100 wakati wa kungoja. Kikiwa ni diski, prosesa mpya haitasaidia sana. Ikiwa ni kumbukumbu, ongeza RAM. Ikiwa ni prosesa, basi sasa kuna sababu ya kufikiria kuibadili.

Lakini tahadhari: programu isiyojua kugawa kazi yake hutumia foleni moja tu. Katika Core i3-2100, yenye foleni nne, programu hiyo itaonekana kutumia asilimia 25 hivi ya prosesa, na mtazamaji atadhani prosesa imepumzika. Kwa hiyo tazama mchoro wa kila foleni peke yake, si wastani wa zote.

Kanuni ya Amdahl

Mwaka 1967 mhandisi wa Kimarekani Gene Amdahl alieleza jambo ambalo leo huitwa Kanuni ya Amdahl. Kwa maneno mepesi, kanuni hiyo yasema hivi: ukiharakisha sehemu moja ya kazi, faida utakayoipata haiwezi kuupita muda ambao sehemu hiyo ilikuwa ikiuchukua.

Tuseme kuwasha kompyuta na kufungua waraka huchukua sekunde 120. Katika muda huo, sekunde 90 ni za kungojea diski na sekunde 30 ni za prosesa kufanya kazi. Tukiweka prosesa yenye kasi mara mbili, sekunde 30 zitakuwa 15, na jumla itakuwa 90 + 15 = 105. Tumepunguza asilimia 12.5 tu, na mwanafunzi hataona tofauti kubwa. Tukiiacha prosesa ya zamani na kuweka SSD inayopunguza muda wa diski mara sita, sekunde 90 zitakuwa 15, na jumla itakuwa 15 + 30 = 45. Tofauti hiyo kila mtu ataiona.

Tuendelee. Baada ya kuweka SSD, tuweke na prosesa ile yenye kasi mara mbili. Jumla itashuka kutoka 45 hadi 30. Sekunde zilizookolewa ni zilezile 15, lakini sasa ni theluthi moja ya muda wote. Prosesa iliyoonekana haina maana mwanzoni imekuwa na maana mara kikwazo kikubwa kilipoondolewa. Basi mpangilio una uzito wake: kwanza kikwazo kikubwa, kisha kinachofuata.

Kanuni hiyohiyo hutumika kwa viini. Kama sehemu p ya kazi yaweza kugawanywa kwa viini n, kasi huongezeka mara S, ambapo:

S = 1 ÷ [(1 − p) + p/n]

Chukua programu ya kuandikia ambayo asilimia 40 tu ya kazi yake hugawanyika. Kwa viini viwili, S = 1 ÷ (0.6 + 0.2) = 1.25. Kwa viini vinne, S = 1 ÷ (0.6 + 0.1) = 1.43. Hata kwa viini elfu, S haitapita 1.67. Sasa chukua kazi ya kubana picha za video, na tuseme asilimia 95 yake hugawanyika. Kwa viini viwili S ni 1.90, na kwa viini vinne ni 3.48. Prosesa ni ileile, lakini faida yake hutegemea kazi inayopewa. Shule inayofundisha kuandika barua na kujaza majedwali haina haja sawa na ile inayohariri filamu.

Masharti Matatu ya Prosesa Mpya

Tuseme tumepima na kuridhika kwamba prosesa ndiyo kikwazo. Je, twaweza kununua prosesa yoyote? La. Yako masharti matatu, na kila moja lazima litimizwe.

Sharti la kwanza ni soketi, yaani kikalio cha prosesa juu ya ubao mama. OptiPlex 790 ina soketi ya LGA 1155. Namba hiyo ni idadi ya miguso inayounganisha prosesa na ubao. Prosesa ya soketi nyingine haitakaa humo, na kujaribu kuilazimisha ni kuharibu vyote viwili.

Sharti la pili hujulikana na wachache, nalo ndilo linalowatia watu wengi hasarani. Soketi kulingana hakutoshi. Karibu na prosesa, juu ya ubao mama, kuna kifaa kiitwacho chipseti, kinachosimamia mawasiliano ya prosesa na vifaa vingine. Pia kuna programu ya BIOS inayoamka kwanza kompyuta inapowashwa, na kuitambua prosesa. Hivyo viwili lazima viifahamu prosesa mpya. Soketi ya LGA 1155 ilitumiwa na vizazi viwili vya prosesa za Intel: Sandy Bridge ya mwaka 2011, ambayo majina yake huanza na namba 2, kama Core i5-2400, na Ivy Bridge ya mwaka 2012, ambayo majina yake huanza na namba 3, kama Core i5-3470. Kwa umbo zote mbili huingia katika soketi hiyo barabara. Lakini OptiPlex 790 ina chipseti ya Q65, ambayo Intel haikuipa uwezo wa kuendesha Ivy Bridge. Mnunuzi atakayeona soketi tu, akanunua Core i5-3470, ataiweka vizuri, ataiwasha, na kompyuta haitafanya kazi. Mrithi wake, OptiPlex 7010 ya mwaka 2012, ina chipseti ya Q77 na huzikubali zote mbili. Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha, tafuta orodha ya prosesa zinazokubaliwa na mashine yako iliyotolewa na kiwanda, na uisome namba kwa namba. Penye haja ya toleo jipya la BIOS, liwekwe kabla ya kuing'oa prosesa ya zamani, maana baada ya hapo kompyuta huenda isiwake.

Sharti la tatu ni umeme na joto. Prosesa hupewa kipimo cha wati kinachoonyesha joto ambalo kipoza joto chake lazima kiweze kuliondoa. Core i3-2100 ina wati 65. Core i5-2400 ina wati 95. Nguvu inayotumiwa na transista huongezeka pamoja na idadi ya mapigo, na pamoja na mraba wa volti. Kwa ufupi, P = C × V² × f. Mwenye kuongeza mapigo kwa asilimia kumi, na kwa ajili hiyo akalazimika kuongeza volti kwa asilimia kumi, huongeza nguvu mara 1.1 × 1.1 × 1.1, yaani 1.33. Faida ni sehemu ya kumi, gharama ni theluthi.

Joto la prosesa juu ya hewa ya chumba hupatikana kwa kuzidisha wati na ukinzani wa joto wa kipoza. Tuseme ukinzani ni nyuzi 0.4 kwa kila wati, na chumba kina nyuzi 32, kama ilivyo kawaida Dar es Salaam au Mombasa wakati wa kiangazi. Kwa wati 65, prosesa itafika 32 + 26 = nyuzi 58. Kwa wati 95 itafika 32 + 38 = nyuzi 70. Sasa kipoza kikijaa vumbi, ukinzani ukapanda hadi 0.6, prosesa ya wati 95 itafika 32 + 57 = nyuzi 89. Prosesa ikipata joto mno hupunguza kasi yake yenyewe ili isiungue, na kasi tuliyoinunua kwa fedha hupotea kwa vumbi. Kwa kompyuta zenye kasha dogo sana, zisizo na nafasi ya kipoza kikubwa, hufaa kutafuta prosesa za wati chache, kama vile Core i5-2400S yenye wati 65.

Ipi Ichaguliwe?

Kwa OptiPlex 790 yenye Core i3-2100, mabadiliko ya kiasi ni Core i5-2400. Ina viini vinne badala ya viwili, kache ya megabaiti 6 badala ya 3, na mapigo ya gigahezi 3.1 ambayo yaweza kupanda hadi 3.4 iwapo joto linaruhusu. Hata hivyo tusitazamie kasi mara mbili. Core i3 ilikuwa na Hyper-Threading na Core i5 hii haina, hivyo foleni ni nne kwa zote. Tofauti ni kwamba sasa kila foleni ina mfanyakazi wake.

Core i7-2600 ina viini vinne vilevile, foleni nane, kache ya megabaiti 8, na gigahezi 3.4 hadi 3.8. Ni bora zaidi, lakini kwa kawaida bei yake hupanda kuliko faida yake kwa kazi za darasani. Ikiwa tofauti ya bei yatosha kununua RAM au SSD, fedha ile ielekee huko. Ni vema pia kuijaribu prosesa moja katika kompyuta moja kabla ya kununua nyingine 19.

Namna ya Kuibadili

Kazi hii ifanywe na mwalimu au fundi, wanafunzi wakitazama, na kila hatua ielezwe sababu yake.

1. Hifadhi kazi zote muhimu. Andika jina la prosesa na toleo la BIOS. Washa kompyuta kwa dakika chache ili pesti iliyo chini ya kipoza ilainike, kisha zima na ung'oe waya wa umeme. Bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja ili chaji iliyobaki katika kapasita itoke.

2. Gusa chuma kitupu cha kasha kabla ya kugusa kifaa chochote, na urudie mara kwa mara. Mwili wa binadamu huweza kubeba umeme tuli wa maelfu ya volti. Hatuuhisi mpaka ufike volti 3,000 hivi, lakini transista zaweza kuharibika kwa volti chache zaidi. Hatari huzidi mahali penye hewa kavu, kwa sababu unyevu wa hewa husaidia kuondoa chaji hiyo.

3. Chomoa waya wa feni. Legeza skrubu za kipoza kidogo kidogo kwa kukingama, kona hii kisha kona inayoikabili, ili ubao usipindwe na nguvu ya upande mmoja. Kikigoma kutoka, kizungushe polepole. Usikivute kwa nguvu.

4. Inua wenzo wa soketi na kifuniko chake, kisha inua prosesa wima kwa kushika kingo. Katika soketi hii miguu haimo katika prosesa. Ni springi nyembamba 1,155 zilizo katika ubao mama. Usiziguse wala usiangushe kitu juu yake, maana springi moja ikipinda ubao wote huweza kuwa haufai.

5. Linganisha alama ya pembetatu na vipengele vya pembeni mwa prosesa mpya na vile vya soketi. Iweke bila kuisukuma. Nguvu yote itatoka kwenye wenzo utakapoufunga.

6. Futa pesti ya zamani katika kipoza kwa kitambaa safi chenye spiriti, kisha safisha vumbi. Weka pesti mpya kiasi cha punje moja ya choroko katikati ya prosesa. Ingawa chuma cha kipoza na cha prosesa huonekana laini, kwa kweli vina mashimo madogo yanayoshika hewa, na hewa hupitisha joto vibaya mara elfu kumi na zaidi kuliko shaba. Pesti huziba mashimo hayo. Ikizidi, haiongezi faida. Huwa pazia jingine la kuzuia joto.

7. Rudisha kipoza, kaza skrubu kwa kukingama, unganisha waya wa feni na uhakikishe umeshika. Washa, ingia katika BIOS, na utazame kama jina la prosesa mpya laonekana. Kisha ipe kompyuta kazi nzito kwa nusu saa huku ukitazama joto.

Kwa kuwa kasha li wazi, badili pia betri ndogo ya CR2032 ya volti 3 inayotunza saa. Kompyuta kuukuu nyingi husahau tarehe kwa sababu betri hiyo imekwisha.

Mpaka wa Faida

Yako mambo ambayo prosesa ya bei nafuu haiwezi kuyatatua. Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwa kawaida hutaka prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane, zilizoanza kutoka mwaka 2017. Core i5-2400 ni ya kizazi cha pili. Kuitoa Core i3 na kuweka Core i5 ya kizazi hichohicho hakutabadili jambo hilo hata kidogo. Njia iliyo wazi kwa mashine hizi ni mfumo wa Linux, kama vile Ubuntu au Linux Mint, ambao haulipiwi na hupata marekebisho ya usalama, pamoja na programu za ofisi za LibreOffice.

Vilevile, ikiwa ubao mama una hitilafu, au RAM, diski na prosesa vyote vyahitaji kubadilishwa, jumlisha bei zote kwanza. Bandu bandu huisha gogo. Yawezekana jumla hiyo ikakaribia bei ya kompyuta nyingine iliyotumika lakini ya kizazi kipya zaidi, na hapo kuitengeneza ya zamani si akiba tena.

Hitimisho

Kompyuta ni mnyororo wa kazi, na kasi yake huamuliwa zaidi na pingili inayochelewa kuliko zote. Kwa kompyuta nyingi za mwaka 2011 zilizo na diski ngumu, pingili hiyo ni diski. Kisha hufuata RAM. Na prosesa huja ya tatu. Lakini kanuni hii ya jumla haiwi badala ya kupima mashine iliyo mbele yako. Shule itakayopima kwanza, ikasoma orodha ya kiwanda, na kuijaribu kompyuta moja kabla ya zote, itapata faida kamili ya fedha yake. Tena wanafunzi watakuwa wamejifunza kwa vitendo umeme, joto na hesabu za uwiano, vitu vilivyomo katika silabasi yao.

Maswali na Zoezi

1. Kazi huchukua sekunde 100: 60 za kungojea diski na 40 za prosesa. Tafuta muda mpya ikiwa (a) prosesa itaharakishwa mara mbili. (B) diski itaharakishwa mara sita.

2. Asilimia 80 ya kazi hugawanyika. Kasi itaongezeka mara ngapi kwa viini viwili? Kwa viini vinne? Je, kikomo chake ni nini?

3. Prosesa ya wati 77 ina kipoza chenye ukinzani wa nyuzi 0.5 kwa wati, katika chumba cha nyuzi 30. Itafika nyuzi ngapi?

4. Zoezi: kwa kutumia saa ya kupimia mbio, pima muda wa kuwaka wa kompyuta tatu za shule yako, kila moja mara tatu, utafute wastani. Andika pia asilimia za prosesa, kumbukumbu na diski wakati wa kufungua programu moja. Kisha liandikie darasa pendekezo: fedha ya kifaa kimoja iende wapi, na kwa nini?

Majibu: 1. (a) sekunde 80. (B) sekunde 50. 2. Mara 1.67, mara 2.5, kikomo ni mara 5. 3. Nyuzi 68.5.